Merikebu za Crystal: Tarikhi ya Jina Lililofufuliwa

Tarehe 31 Julai 2023 merikebu ya abiria iitwayo Crystal Serenity iling'oa nanga katika bandari ya Marseille, kusini mwa Ufaransa, na miongoni mwa waliopanda ngazi yake siku ile walikuwamo watu waliokwisha kusafiri nayo mara nyingi katika miaka iliyopita, wakaisikia imekamatwa kwa madeni, wakasikia na kampuni yake imefilisika. Ajabu ya jambo hili si kwamba merikebu ilirudi baharini, kwani chuma huuzwa na kununuliwa kila siku. Ajabu ni kwamba watu wake walikaa mwaka na nusu wakiingojea, na walipoitwa walikuja kwa furaha kama waendao kwa jamaa zao. Makala haya yanakusudia kueleza tarikhi ya kampuni hiyo tangu kuzaliwa kwake hata kufufuliwa kwake, ili ifahamike ni kitu gani hasa walichokuwa wakikingojea.

Asili yake ni Japani. Kampuni ya Nippon Yusen Kaisha, iliyoundwa mwaka 1885 na ambayo ni katika kampuni kubwa za merikebu duniani, ilikuwa hapo kale ikichukua abiria baina ya Yokohama na Marekani, na mojawapo ya merikebu zake za wakati ule, Hikawa Maru, iliyojengwa mwaka 1930, ingali imefungwa Yokohama ikitazamwa kama kumbukumbu. Baada ya vita na baada ya ndege kuwanyang'anya wenye merikebu abiria wao, kampuni hiyo ilijishughulisha zaidi na shehena. Lakini mwaka 1988 wakubwa wake walipata azma ya kurudi katika kazi ya abiria kwa njia nyingine, wakaanzisha huko Los Angeles kampuni ya merikebu za starehe waliyoiita Crystal Cruises, iliyokusudiwa hasa kwa wasafiri wa Marekani wenye uwezo na wenye kutaka mambo ya adabu na utulivu. Merikebu yao ya kwanza, Crystal Harmony, ilijengwa Nagasaki na Mitsubishi, ikaanza kazi mwaka 1990. Ya pili, Crystal Symphony, ilitoka Turku nchini Finland mwaka 1995. Na ya tatu, Crystal Serenity, ilitoka Saint-Nazaire nchini Ufaransa mwaka 2003. Kila moja ilipewa mwanamke mashuhuri wa michezo ya kuigiza awe mama yake wa ubatizo, kama ilivyo desturi ya mabaharia wa Ulaya na Marekani: Mary Tyler Moore kwa Harmony, Angela Lansbury kwa Symphony, na Julie Andrews kwa Serenity.

Ili kuifahamu shauku ya wapenzi wa merikebu hizi, yafaa kwanza kujua zilikuwa na nini ambacho nyingine hazikuwa nacho. Katika miaka ile wenye anasa walikuwa na njia mbili: ama kusafiri katika vyombo vidogo vilivyochukua watu mia mbili au tatu, vyenye takrima kubwa lakini visivyo na nafasi ya michezo na muziki, ama kusafiri katika merikebu kubwa mno ambamo mtu hupotea katika halaiki. Crystal ilishika njia ya kati, kwa merikebu zenye ukubwa wa kutosha kuwa na ukumbi wa michezo, maktaba na sebule nyingi, huku idadi ya abiria ikizuiwa isipite kiasi cha elfu moja, na utumishi ukifuata nidhamu ya Kijapani ya kutopuuza lililo dogo. Mpishi Nobu Matsuhisa, ambaye jina lake limeenea katika miji mikubwa ya dunia, alitia mkono wake katika vyakula vya Kijapani vya merikebu hizi. Na juu kabisa, upande wa mbele, ilikuwako sebule iitwayo Palm Court, yenye madirisha mapana yenye kuitazama bahari yote, ambamo alasiri watu walikunywa chai kwa sauti ya fidla, na siku fulani ya safari wahudumu wakaja na birika zao wamevaa mavazi ya zama za Mozart, jambo ambalo abiria wa zamani waliliulizia mara tu walipokwisha kufungua masanduku yao.

Abiria wa namna hii hawasafiri kwa ajili ya kuona nchi tu. Wengi wao walikwisha kuziona bandari zote, na kuna waliokwenda pwani kununua stempu ya barua kisha wakarejea upesi merikebuni, kwa kuwa merikebu yenyewe ndiyo iliyokuwa nchi waliyoijia. Mjane mmoja wa Florida, ambaye marehemu mumewe alimsihi asiache kusafiri baharini, aliuza nyumba yake, akahamia ndani ya Serenity, akaishi humo kwa miaka mingi. Mchana alikaa sebuleni akitarizi vitambaa, ambavyo aliwapa mabaharia kuwa zawadi, na usiku alicheza dansi na waungwana waliowekwa na kampuni kwa ajili ya wanawake wasio na wenzao. Wengine hawakufika daraja hiyo, bali walikuwa na desturi yao: kabla safari haijaisha, huenda kwenye meza ya karani akaaye humo merikebuni, wakaandikisha safari ya mwaka ujao, chumba kile kile na ikiwezekana meza ile ile, wakarudi makwao na kitu cha kutazamia. Kwa hiyo kungojea kulikuwa nusu ya safari. Na mtu aliyeihesabu miezi kwa namna hiyo kwa miaka mingi huijenga nafsi yake juu ya ahadi ya watu wengine, kwamba watakuwapo siku atakapofika, na kwamba watamkumbuka.

Mwaka 2006 Harmony ilikwisha kuondoka katika kundi hilo, ikarudi Japani na kupewa jina la Asuka II, zikabaki mbili. Mwaka 2012 kampuni ikaingiza vinywaji na bakshishi ndani ya nauli, ili abiria asitiwe mkononi hati ya kulipia kila kikombe. Kisha mwaka 2015 Wajapani wakaiuza kampuni yote kwa Genting Hong Kong kwa dola milioni 550, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Wamiliki wapya walikuwa watu wa matumaini makubwa: walinunua karakana za kujengea merikebu huko Ujerumani, katika miji ya Wismar, Warnemünde na Stralsund, wakaanzisha safari za mito ya Ulaya, wakanunua yoti, wakatangaza mwaka 2016 kwamba watachunguza kuifufua merikebu kongwe ya Kimarekani, SS United States, azma waliyoiacha kabla mwaka haujaisha. Mwaka huo huo, tarehe 16 Agosti, Serenity ilitoka Seward, Alaska, na abiria wapatao elfu moja, ikapita katika njia ya barafu iliyo kaskazini mwa Kanada, ikafika New York baada ya siku 32, nayo ilikuwa merikebu ya abiria kubwa kuliko zote zilizokuwa zimepata kupita njia ile. Ulikuwa ushindi wa ubaharia, na waliokuwamo wanausimulia hata leo.

Lakini mali iliyotawanywa katika karakana na vyombo vingi vipya haikuweza kustahimili msiba wa mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifunga bandari za dunia na kuzifanya merikebu za starehe zikae bila ya abiria. Symphony na Serenity zilirudi kazini mwaka 2021, na Stralsund ikatoa merikebu mpya, Crystal Endeavor. Walakini fedha zilikuwa zimekwisha. Mwezi wa Januari 2022 karakana za Ujerumani zilitangaza kufilisika, na siku chache baadaye Genting Hong Kong ikaenda mahakamani Bermuda kuomba wasimamizi wa ufilisi. Wakati huo Symphony ilikuwa baharini, ikitazamiwa kufika Miami tarehe 22, nako Miami mahakama ilikuwa imekwisha kutoa hati ya kuikamata kwa madai ya mwuzaji wa mafuta aliyekuwa akidai zaidi ya dola milioni 4. Merikebu ikageuza omo, ikaenda Bimini katika visiwa vya Bahama, na abiria wakavushwa kwa kivuko hadi Florida. Serenity nayo ikaishia huko huko Bimini, na mwezi wa Februari zote mbili zikakamatwa Freeport.

Huenda msomaji akauliza ilikuwaje merikebu ishikwe badala ya mwenyewe. Sheria ya bahari ndivyo ilivyo tangu kale: chombo chenyewe hushitakiwa kama kwamba ni mtu, kwa sababu mwenyewe huenda akawa mbali katika nchi nyingine na chombo kikaondoka usiku, na kwa hiyo mdai huruhusiwa kukifunga pale alipokipata. Mahakama hukiuza, na katika fedha zipatikanazo mshahara wa mabaharia huwa na daraja ya mbele kuliko madeni mengi; na anunuaye kwa mkono wa mahakama hukipata chombo kisafi, kimevuliwa madeni yote ya zamani. Sheria hii ndiyo iliyoiua kampuni, nayo ndiyo iliyoufungua mlango wa kufufuliwa kwake, kwani mnunuzi mwenye nia njema angeweza kuzichukua merikebu pasipo kuburura minyororo ya Genting.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanajua kwamba ufufuo wa namna hii ni nadra. Kampuni ya British India ilikuwa na merikebu zilizoitwa Kampala na Karanja, zilizokwenda baina ya Bombay na bandari zetu hadi Durban, na tangu 1951 na 1952 ikawa na Kenya na Uganda zilizotoka London hadi Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Watu walizijua kwa mlio wake na kwa rangi ya dohani zake, wakazipokea gatini kwa nderemo. Ndege zilipowachukua abiria, Kenya ikauzwa kuvunjwa mwaka 1969, na Uganda ikageuzwa merikebu ya wanafunzi. Hakuna aliyekuja kusema kwamba jina lile lilikuwa na thamani ya kuhifadhiwa, na waliozipenda walibaki na picha tu.

Crystal ilipata bahati nyingine, na bahati hiyo ina mzizi wake katika nchi zetu. Mwezi wa Juni 2022 merikebu mbili hizo, pamoja na jina, zilinunuliwa na A&K Travel Group, jamii ya Abercrombie & Kent, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Kenya kupata uhuru, na Geoffrey Kent pamoja na wazazi wake, kwa kazi ya kuwapeleka wageni kutazama wanyama wa mwituni. Mwenyekiti wake alikuwa Manfredi Lefebvre d'Ovidio, Mwitalia aliyeiongoza kampuni ya Silversea iliyoanzishwa na baba yake, kabla haijaingia katika milki ya Royal Caribbean. Serenity ilipatikana kwa dola milioni 103 na Symphony kwa dola milioni 25. Ama Endeavor, hiyo ilikwenda kwa Silversea.

Hapo yalifanyika mambo matatu ambayo, kwa rai yangu, ndiyo yanayoeleza kwa nini watu walirejea. Kwanza, merikebu zilipelekwa Trieste, Italia, kwenye karakana ya Fincantieri, na vyumba vingi vidogo vikabomolewa na kuunganishwa, hata Serenity, iliyokuwa ikichukua watu wapatao elfu moja, ikawa inachukua 740, na Symphony ikashuka hadi 606. Mfanyabiashara wa kawaida angeongeza vitanda ili arudishe mtaji wake upesi, lakini hawa walivipunguza. Pili, waliwatafuta mabaharia na wahudumu wa zamani, waliokuwa wametawanyika katika nchi zao na katika kampuni nyingine, wakawarudisha wengi wao. Tatu, ijapokuwa mahakama iliwauzia merikebu safi na hawakuwa na wajibu wowote kwa madeni ya Genting, waliwatambua abiria waliopoteza fedha walizokuwa wametanguliza, wakawapa haki ya kuzitumia katika safari mpya, na wakaihifadhi daraja ya kila msafiri wa zamani kwa hesabu ya safari alizokwisha kusafiri.

Jambo la pili ndilo lililo kubwa. Mtu aliyepanda Serenity pale Marseille alikuta mazulia mapya, kuta mpya, na pengine chumba chake cha zamani hakipo tena. Lakini alipomkuta mlangoni mhudumu aliyemjua, naye akamwita kwa jina lake na kumwuliza habari za mke wake, alipata uthibitisho kwamba kile alichokingojea hakikuzama pamoja na hisa za Hong Kong. Symphony ilifuata kutoka Athens tarehe 1 Septemba mwaka ule ule, na mwaka 2024 kampuni ikatangaza kwamba Fincantieri itaijengea merikebu mpya, ya kwanza ikitazamiwa mwaka 2028.

Wako wasemao kwamba mapenzi haya ni ya matajiri, na kwamba maskini ana mambo mengine ya kuyalilia. Nami sikatai kwamba nauli za Crystal si za kila mtu. Lakini funzo lililomo halihusu utajiri. Kampuni ni mali ya wenye hisa, huweza kuuzwa mara mbili na kufa mara moja. Ama jina jema ni amana iliyowekwa kidogo kidogo, na wapishi, wafua nguo, manahodha na wachukuzi wa mizigo, kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, katika kifua cha kila aliyehudumiwa vizuri. Wenye kuihodhi amana hiyo leo hawakuiumba. Wameipokea, na hao wanaohesabu miezi mpaka siku ya kupanda merikebu mpya wana haki ya kuwadai, kama alivyo na haki mdai yeyote, kwamba watumishi walipwe vyema na washikwe kwa heshima, kwa kuwa hao ndio rasilimali ambayo Genting waliisahau walipokuwa wakinunua karakana.