Mkunga wa Idodi: Neno, Kazi na Cheo

Tarafa ya Idodi iko magharibi ya mji wa Iringa, kwenye barabara ielekeayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wakaaji wake ni Wahehe, Wabena, Wagogo, wafugaji wa Kimasai na wengineo. Kiswahili ndicho lugha ya kliniki. Bibi aliyeitwa usiku kwenda kwa mjamzito alikuwa na jina lake katika lugha ya nyumbani. Mbele ya mwuguzi aliandikwa kwa Kiswahili: "mkunga wa jadi".

Hilo "wa jadi" lina historia. Methali isemayo "usitukane wakunga na uzazi ungalipo" haikuhitaji kufafanua ni wakunga gani. Ukoloni ulipoleta wakunga wenye vyeti, kazi moja ikapata watu wa aina mbili, na jina likaanza kuelekea kwa wenye cheti. Kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, mkunga ni mtu aliyesomea na kusajiliwa. Mwenye jina la asili ndiye aliyefungiwa kivumishi cha a-unganifu ili atambulike.

Azimio la Alma-Ata la 1978 lilikuwa limempa heshima. Katika miaka iliyofuata, wakunga wa jadi wengi nchini walipata mafunzo mafupi: kunawa mikono, kukata kitovu kwa wembe mpya, kutambua dalili za hatari na kumpeleka mama kituoni mapema. Kisha, mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na madaktari wa uzazi walieleza maana ya mhudumu mwenye ujuzi kwa namna iliyowaacha nje wote, waliofunzwa na wasiofunzwa.

Wapo waonao kuwa huko ni kudharau jadi. Hoja hiyo ni nyepesi. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa katika saa chache, na wembe safi hauzuii jambo hilo. Bibi hana dawa ya kukaza mji wa mimba wala damu ya kuongeza. Nchini Tanzania, waliojifungulia vituoni walikuwa asilimia 47 katika utafiti wa 2004/05. Katika ule wa 2022 walifikia 81.

Hata hivyo, sarufi imehifadhi kilichopotea. Katika "kujifungua" mtenda ni mama mwenyewe. Katika "kuzalisha" mtenda ni mhudumu, na mama hubaki mtendwa. (Kitenzi hicho hicho hutumika kwa viwanda na mashamba.) Bibi wa kijijini naye alizalisha, lakini pia alikanda mgongo, alipika uji na kuzika kondo la nyuma, kazi ambazo rejista ya kituo haina safu ya kuziandikia.

Kwa wakaao mbali na kituo, lugha ya afya imeunda jina jingine: nyumba ya mama ngojea. Humo mjamzito hukaa siku zake za mwisho, na mara nyingi anayemsindikiza na kumpikia ni bibi yule yule.