Kofia, Wembe na Cherehani: Habari za Utanashati wa Wanaume wa Kusini

Katika nchi ya Wamwera, kusini mwa Tanzania, ambayo Nambilanje ni sehemu yake, ikiwa leo ni kata ya Wilaya ya Ruangwa na zamani ikiwa chini ya Nachingwea, utanashati wa mwanamume umehukumiwa kwa dharau kuliko kwa insafu. Wazee wameuita upuuzi wa ujana, na wenye mamlaka wa zama mbalimbali wakauita uhuni. Lakini mtu akiifuata tarikhi ya mavazi na unyoaji katika janibu hizi, ataona kwamba mwanamume aliyejipamba alikuwa akitoa hoja, na hoja yenyewe ilihusu uungwana wake.

Kabla nguo za madukani hazijaenea, watu wa kusini walipiga magome ya miti hata yakalainika, wakayavaa. Walijipaka mafuta ya mbarika, wakachanja chale, wakachonga meno. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, Vita vya Majimaji vikiwa bado vibichi, aliyashuhudia mapambo hayo akayaandika. Kijana aliyetoka jandoni alinyolewa, akaogeshwa, akapakwa mafuta na kuvikwa upya, ili jamaa zake wamtambue kuwa ni mtu mwingine. Wembe, basi, ulikuwa na kazi ya heshima miongoni mwa watu hawa zamani sana kabla ya kioo cha kinyozi kutundikwa mtini.

Kisha misafara ya Kilwa Kivinje ikaleta merikani, kitambaa kigumu kilichofumwa Marekani, na kaniki iliyotiwa rangi ya nili. Lakini misafara hiyohiyo ilichukua pembe na watu. Hapa ndipo habari ya mavazi inapoingia uchungu. Pwani, nguo ilikuwa mizani ya daraja: muungwana alivaa kanzu yenye darizi shingoni na kofia iliyotobolewa kwa sindano, vitobo vyake vikipangwa kwa subira ya siku nyingi, hali mtumwa alifunga shuka duni, wala hakuruhusiwa kuvaa kofia au viatu mbele ya bwana wake. Utumwa ulipobatilishwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, watu waliokuwa wamenyimwa vitu hivyo walivikimbilia kwa pupa iliyowastaajabisha mabwana wa jana. Mimi siistaajabii. Aliyekatazwa kufunika kichwa chake hujua thamani ya kofia kuliko aliyezaliwa nayo. Na nchi ya Wamwera, ambayo wana wake walitekwa na kuteremshwa pwani, ilipoipokea kanzu na kofia, haikuiga pwani tu, bali ilitwaa alama ya hurria.

Karanga nazo zilileta mshahara. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa kilimo cha karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mapema mwaka 1951 ukafutwa, baada ya kula mamilioni ya pauni, na reli iliyojengwa kwa ajili yake hadi Nachingwea ikafungwa mwaka 1962. Waandishi wameuandika mradi huo kama kisa cha hasara, nao wamesema kweli. Lakini fedha iliyofika mkononi mwa kibarua iligeuka pia kuwa shati, suruali ya kaki na ujira wa fundi cherehani. Tena ikaja pasi ya mkaa, ile yenye kishikizo cha umbo la jogoo: mtu hupepea makaa mpaka yaive, hunyunyiza maji kwa vidole juu ya nguo, kisha huipitisha pasi taratibu hata mstari wa suruali usimame wima tangu kiunoni hadi kwenye upindo. Mwenye suruali moja tu, akiipiga pasi hivyo, hakuwa maskini machoni pa watu.

Baada ya Uhuru hukumu ilirudi kwa sura nyingine. Mwezi Januari 1969 Umoja wa Vijana wa chama cha TANU ulianzisha Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana, kwa nia ya kulinda utamaduni wa taifa. Nia ilikuwa njema, ila ujana haukutii. Bugaluu, suruali zenye miguu mipana chini, zilipotamba, kijana asiyeweza kununua mpya alimpelekea fundi suruali yake ya zamani. Fundi akaufumua mshono tangu gotini, akatia kipande cha kitambaa chenye pembe tatu, na mguu wa suruali ukapanuka. Leo fundi hufanya kinyume: suruali ya mtumba iliyo pana huigeuza ndani nje, huitia alama kwa chaki, hushona mshono mpya ndani ya ule wa zamani, akakata masalio, na mwenye suruali huondoka na modo, yaani suruali ya kubana, iliyomkaa. Nimeketi katika baraza za mafundi hawa, nami nasema bila ya haya kwamba huo ni ubunifu kamili, kwani nguo iliyokatwa kwa kiwiliwili cha mtu wa mbali hufanywa upya kwa mtu aliye mbele ya fundi.

Na kinyozi vivyo hivyo. Kiduku, ambacho wazee hukilaumu, hunyolewa pembeni na kuachwa juu; denge la zamani lilinyolewa pembeni likaachwa utosini. Aliyenyoa denge katika ujana wake ana hoja gani juu ya mjukuu wake?

Kwa hiyo kijana wa Nambilanje akipokea fedha ya korosho au ya ufuta, kisha miguu yake ikamwelekeza kwa kinyozi na kwa fundi kabla ya mahali pengine, asidhaniwe kuwa amesahau yaliyo makubwa. Anatumia haki ambayo wahenga wake waliwahi kunyimwa. Na anayeijua habari hiyo hana la kumtaka ila aitumie kwa murua.