Kamba Zilizooza: Jinsi ya Kutafuta Unene wa Kamba za Mlingoti katika Merikebu za Kale

1. Utangulizi

Merikebu ya matanga hutambulikana kwa milingoti yake, lakini hakuna mlingoti unaosimama kwa nguvu zake wenyewe. Mti mrefu uliosimikwa juu ya mkuku ungevunjika kwa upepo mkali wa kwanza, kama usingefungwa mbele, nyuma na ubavuni. Kwa hiyo kila chombo kikubwa huwa na kamba za namna mbili. Za kwanza ni zile zinazovutwa na kulegezwa kila mara: henza inayopandisha foromali, demani inayokaza pembe ya tanga. Za pili, zikiisha kukazwa, hubaki mahali pake siku zote, na kazi yake ni moja tu, kuushikilia mlingoti. Makala haya yahusu kamba hizo za pili.

Swali lenyewe laonekana dogo: je, kamba za kushikilia mlingoti wa merikebu fulani ya kale zilikuwa na unene gani? Lakini mtu anayetengeneza upya chombo cha zamani hawezi kulikwepa. Kamba nyembamba mno itakatika na mlingoti utaanguka juu ya watu. Kamba nene mno itaongeza uzito juu, mahali ambapo chombo hakitaki uzito. Na mwanahistoria naye, akiweka katika jumba la makumbusho kamba isiyo na ushahidi, atakuwa amewaonyesha wageni jambo ambalo halikuwako. Shida ni kwamba mbao hudumu, shaba hudumu, hata mifupa hudumu, bali kamba huoza. Kinachotafutwa ndicho kilichotangulia kupotea.

2. Mfano wa merikebu Vasa

Mfano ulio wazi kuliko mingi ni ule wa Vasa, merikebu ya vita ya mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi. Iliondoka bandarini Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza, ikiwa na mizinga 64, na matanga manne tu kati ya kumi yakiwa yamefunguliwa. Haikufika mbali. Baada ya mwendo wa mita 1300 hivi, upepo uliilaza upande, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga ya chini, ikazama mbele ya macho ya watu wa mji. Ilikaa chini ya maji miaka 333. Anders Franzén aliigundua mahali ilipolala mwaka 1956, na tarehe 24 Aprili 1961 ikainuliwa. Jumba lake la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1990.

Bahari ya Baltiki haina chumvi nyingi, na kwa sababu hiyo haina yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Ndiyo maana mwili wa merikebu ulikutwa karibu mzima. Vyuma, kinyume chake, vililiwa na kutu. Katika jumba la makumbusho Vasa imesimamishiwa sehemu za chini za milingoti yake mitatu pamoja na kamba zake, jinsi merikebu za wakati ule zilivyoachwa majira ya baridi, zilipokuwa zimeondolewa milingoti ya juu na matanga. Yaani, katika kamba zote za Vasa, zile zinazoonekana leo ni zile zile za kushikilia milingoti. Unene wake ulipatikanaje?

3. Ushahidi wa vitu vilivyoguswa na kamba

Njia ya kwanza ni kuvihoji vitu vilivyokaa pamoja na kamba. Kamba ya ubavuni haikufungwa moja kwa moja kwenye mwili wa merikebu. Mwisho wake ulizungushwa kwenye kipande kinene cha mbao cha mviringo, chenye matundu matatu. Kipande cha pili cha namna hiyo kilifungwa kwa chuma ubavuni mwa merikebu. Kati ya hivyo viwili ilipitishwa kamba nyembamba, tundu kwa tundu, na kwa kuivuta hiyo mabaharia waliikaza ile kubwa.

Mbao hizo zina maneno ya kusema. Kipande cha juu kina mfereji ukingoni, na kamba ya ubavuni ililala ndani ya mfereji huo. Upana wake basi hauwezi kuwa mbali na kipenyo cha kamba. Matundu matatu yaonyesha unene wa kamba ya kukazia, ambayo kwa desturi ilikuwa karibu nusu ya ile kubwa. Makapi nayo, kwa upana wa roda zake, hutoa ushuhuda kuhusu kamba zilizopita ndani yake. Mahali ambapo kamba ilisugua mbao kwa muda mrefu, alama hubaki. Ingawa katika Vasa, iliyosafiri chini ya saa moja, alama za namna hiyo haziwezi kutazamiwa.

Vipande vya kamba vyenyewe pia vilipatikana ndani ya merikebu. Lakini kipande kilichokutwa peke yake hakisemi kilining'inia wapi. Tena kamba iliyolowa kwa karne tatu si ileile iliyotoka kiwandani: nyuzi zimevimba au zimesinyaa, na lami imetoka. Kwa hiyo, ajabu ni kwamba tundu la mbao huwa shahidi mwaminifu kuliko kamba yenyewe.

4. Ushahidi wa vitabu na kanuni

Njia ya pili ni maandiko. Mafundi wa Ulaya hawakupima nguvu za upepo, walifuata uwiano. Upana wa merikebu ulitoa urefu wa mlingoti mkuu, urefu wa mlingoti ulitoa unene wake, na unene wa mlingoti ulitoa unene wa kamba. Kanuni moja mashuhuri ya Waingereza ilisema kwamba mlingoti mkuu upewe inchi moja ya kipenyo kwa kila yadi moja ya urefu. R. C. Anderson, aliyechapisha mwaka 1927 kitabu juu ya kamba na milingoti ya merikebu za miaka 1600 hadi 1720, alieleza kwamba kamba kuu ya mbele ilikuwa na mzingo ulio sawa na nusu ya kipenyo cha mlingoti. Kamba nyingine zote zikafuata kwa kulinganishwa na hiyo. Mwishoni mwa karne ya 18 kanuni hizo zilikwisha kuwa majedwali kamili, kama yale ya David Steel ya mwaka 1794, ambamo kila kamba ya kila daraja la merikebu imeandikiwa kipimo chake.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi. Wazee hao walipima kamba kwa mzingo, yaani kwa kuizungushia utepe, wala si kwa kipenyo. Tuchukue mlingoti wa mita 30. Hizo ni yadi 33 hivi, basi kipenyo chake kitakuwa inchi 33. Kamba ya mbele itapata mzingo wa inchi 16 na nusu, ambao ni kama sentimita 42. Kipenyo chake kitakuwa sentimita 13 tu. Msomaji wa leo, aliyezoea kununua waya kwa kipenyo, akiudhania mzingo kuwa kipenyo, ataagiza kamba nene zaidi ya mara tatu, na uzito wake utakuwa karibu mara kumi.

Mtego wa pili ni kipimo chenyewe. Ndani ya Vasa zilikutwa rula nne za maseremala. Mbili zilifuata futi ya Uswidi, iliyogawanywa katika inchi 12. Mbili zilifuata futi ya Amsterdam, iliyokuwa fupi kidogo na kugawanywa katika inchi 11. Mafundi waliokuwa wakijenga merikebu moja walikuwa na inchi mbili tofauti. Mlingoti wa futi 100 ungepata tofauti ya mita moja na zaidi, kutegemea rula ya nani ilishikwa siku hiyo. Kwa hiyo neno «inchi» katika hati ya kale si jibu. Ni swali jingine. Tena Henrik Hybertsson, fundi mkuu wa Vasa, alikuwa Mholanzi. Kumvisha kanuni za Waingereza bila tahadhari ni kumpa mtu maneno ambayo hakuyasema.

5. Ushahidi wa hesabu

Njia ya tatu ni ya wahandisi wa leo. Upepo husukuma tanga, tanga huinamisha mlingoti, mlingoti huvuta kamba za upande wa upepo, nazo huvuta ubavu wa chombo. Chombo kigumu, chenye farumi nyingi na upana wa kutosha, hukataa kulala. Upepo ukizidi, mzigo wote hubebwa na kamba. Chombo chepesi kulala hukwepa mzigo huo kwa kuinama. Kwa sababu hiyo mhandisi huanza kwa kupima nguvu inayokirudisha chombo wima kinapoinama, kisha huigawanya kwa umbali kati ya mlingoti na mahali kamba ilipofungwa ubavuni, ndipo hujua kamba ivumilie kiasi gani. Kwa mashua za kisasa njia hii ni nzuri, na mwenye chombo kilichopoteza nakala za michoro yake huweza kuitumia kwa usalama.

Lakini ikitumiwa kwa Vasa, hesabu hiyo inaleta jambo la kushangaza. Merikebu hiyo ilikuwa legelege mno. Kabla ya safari, watu 30 walikimbizwa sitahani kutoka ubavu hadi ubavu ili kuujaribu uthabiti wake. Baada ya kukimbia mara tatu jaribio lilisimamishwa, kwa hofu ya kwamba ingepinduka pale pale bandarini. Chombo cha namna hiyo hulala kabla kamba zake hazijaelemewa. Mhandisi basi angeweza kusema kwamba kamba nyembamba zingetosha. Na angekuwa amesema kweli, ila asingekuwa amesema historia. Fundi wa mwaka 1628 hakuijua hesabu hiyo. Alitazama mlingoti, akakumbuka kanuni, akakata kamba. Hesabu hueleza kilichotosha, bali mfereji wa ile mbao hueleza kilichokuwako.

6. Kutoka hempu hadi chuma

Ugumu huongezeka kwa vyombo vya karne ya 19. Hapo kale kamba hizi zilisokotwa kwa nyuzi za hempu na kupakwa lami. Mwaka 1834 Wilhelm Albert alitengeneza kamba ya nyuzi za chuma kwa ajili ya migodi ya Clausthal nchini Ujerumani. Haikukawia kuingia baharini. Cutty Sark, iliyoshushwa majini mwaka 1869, ilishikiliwa milingoti yake kwa kamba za chuma. Watu wa Katanga, ambako wachimbaji wa Kipushi wameshushwa shimoni kwa vizimba vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma, wanaijua nguvu yake bila kuhitaji kuiona bahari.

Kwa mtafiti, badiliko hili lina hatari. Kamba ya chuma yenye nguvu sawa na ya hempu huwa na mzingo usiofika nusu yake. Merikebu iliyojengwa kwa hempu na kufungwa upya kwa chuma miaka 30 baadaye huwa na historia mbili katika mwili mmoja. Mwenye kupima kamba alizozikuta, bila kuuliza ziliwekwa lini, hupima matengenezo badala ya chombo.

7. Pwani isiyo na majedwali

Na je, pale ambapo hakuna kitabu? Vyombo vya pwani ya Waswahili ni mfano. Jahazi lina kamba chache za kudumu, wala si kwa uzembe. Chombo kinapogeuza upande, foromali pamoja na tanga lake hupitishwa mbele ya mlingoti. Kamba nyingi za ubavuni zingekuwa kizuizi. Kwa hiyo za upande wa upepo hukazwa, na za upande wa pili hulegezwa. Mtafiti anayetafuta humo mpangilio wa Vasa atadhani kamba zimepungua, hali hakuna kilichopungua.

Mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba chenye tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 bila kuacha jedwali lolote. Vipimo vyake vilikuwa mwilini mwa fundi: wanda, shibiri, dhiraa, pima. Vimebaki vielelezo vidogo vya makumbusho, picha, na maelezo ya watu. Kielelezo kidogo ni shahidi wa mpangilio, lakini ni shahidi dhaifu wa unene, kwa kuwa uzi wowote uliopatikana ulimtosha aliyekitengeneza. Mzee anayekumbuka jinsi kamba ilivyojaa mkononi huweza kuwa na habari bora kuliko kielelezo hicho. Alipokufa bila kuulizwa, rula yake ilizikwa pamoja naye.

8. Hitimisho

Mashahidi basi ni watatu: vitu vilivyoguswa na kamba, kanuni za wakati ule, na hesabu za wakati huu. Wakikubaliana, kazi imekwisha. Wakipingana, kitu kilichoguswa hutangulia, maana hakikuandikwa ili kumfundisha mtu; kanuni hufuata, mradi ijulikane ni ya nani na imepimwa kwa inchi ipi; hesabu huja mwisho, kwa kuwa haiwezi kusema zaidi ya kile kilichowezekana. Anayekwenda kupanda mlingoti leo ana haki ya kuipa hesabu nafasi ya kwanza, kwa ajili ya uhai wake. Mwanahistoria hana haki hiyo.

Vasa yenyewe yatoa onyo. Watu 30 hivi walikufa siku ile, na hawakuuawa na kamba iliyokatika. Waliuawa na uwiano uliofuatwa kwa mazoea katika chombo ambacho haukukifaa. Kanuni za mafundi ni hazina kwa mwenye kutafuta walichokifanya. Haifuati kwamba walichokifanya kilikuwa sahihi.