Mashine Imepewa Miguu: Je, Itafika Rufiji?

Tangu zamani binadamu amekuwa akimtuma mwenzake kwenda kutafuta habari. Siku hizi amepatikana mtumwaji mpya, nayo ni mashine ya akili mnemba. Mimi ni kijana niliyemaliza kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya juu ya delta ya Rufiji. Kwa hiyo jambo hili linanihusu moja kwa moja. Hebu tulitazame kwa jicho la historia, maana kazi ya kutafuta habari huku kwetu haikuanza jana.

Tuanze na mashine yenyewe. Programu ya ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, ilikuwa kama mtu aliyesoma maktaba nzima kisha akafungiwa chumbani. Yaliyotokea duniani baada ya Septemba 2021 ilikuwa haiyajui, na ukiiuliza isilolijua, mara nyingine ilibuni jibu kwa ulimi mtamu. Machi 2023 wenye programu hiyo, kampuni ya OpenAI ya Marekani, wakatangaza kuipa uwezo wa kupekua intaneti, kwa majaribio. Julai wakausimamisha, kwa kuwa ulikuwa unaweza kutoa maandishi mazima ya kurasa za watu. Septemba ukarudi. Wasaidizi wa kampuni nyingine nao wamepewa uwezo kama huo.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mashine inaligeuza swali lako kuwa maneno ya kutafutia, inapewa orodha ya kurasa, inafungua chache, inasoma, halafu inakuandikia muhtasari na kukuonyesha ilikotoa. Ni hatua kubwa, siyo siri. Mtu wa Kibiti mwenye simu tu anaweza kufikiwa na habari ambazo zamani zilihitaji nauli ya kwenda Dar es Salaam.

Sasa turudi nyuma, mwaka 1914. Tarehe 20 Septemba manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, kisha ikajificha katika mito ya delta yetu. Waingereza wakaitafuta wasiione. Mwezi Oktoba wakakamata hati katika meli ya Kijerumani Präsident huko Lindi, na hati hizo zikataja makaa ya mawe yaliyopelekwa Salale. Basi, karatasi ikawapa jina. Lakini karatasi haikutosha. Mwishoni mwa mwezi manowari Chatham ilikuja pwani ya delta, watu wakashuka kuuliza wenyeji, na milingoti ikaonekana juu ya mikoko. Hata baada ya hapo, mwindaji Pretorius alitumwa kupeleleza mito na kupima vina vya maji, akiwa na wenyeji waliozijua njia. Königsberg iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Ona jambo hilo, msomaji. Majina ya manahodha yamehifadhiwa. Mizinga ya meli ilitolewa ikapigana vita nchi kavu, na mmoja umewekwa Mombasa kwa watalii. Lakini wale walioulizwa wakajibu, walioonyesha njia ya mkoko huu na mkondo ule, katika vitabu nilivyosoma sikuyaona majina yao.

Juzi nilimwomba msaidizi mmoja wa akili mnemba anieleze maisha ya watu wa delta zamani. Akatafuta, akaniletea Königsberg. Tarehe barabara, mizinga 10, kila kitu. Juu ya watu wenyewe, sentensi mbili tatu. Tena kurasa za zamani huandika delta kuwa ni wilaya ya Rufiji, ilhali sasa iko wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji. Anayetafuta kwa jina moja atakosa ya jina la pili. Sikushangaa. Mtumwaji huleta kilichopo njiani, na njia hiyo walioitengeneza ni wale walioandika.

Lakini kuna mfano mwingine, nao ni wetu. Kinjikitile wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani pale Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza. Kwa miaka mingi maandishi mengi juu ya vita hivyo yalikuwa ya watawala. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakatumwa vijijini kuwauliza wazee. Gilbert Gwassa na John Iliffe wakahariri kumbukumbu zilizokusanywa kwa wazee. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile. Piga hesabu: kutoka 1905 hadi 1968 ni miaka 63. Wangechelewa miaka 20, wangewauliza makaburi.

Saa yetu nayo inakwenda. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, watu wa bonde la Rufiji walihamishwa kwenda vijiji vipya, wakaacha mashamba yao na madungu waliyolala wakilinda mpunga. Aliyekuwa na miaka 20 wakati huo sasa anakaribia 80. Habari zake haziko kwenye intaneti. Ziko barazani kwake, naye akiondoka zinaondoka.

Kwa hiyo nasema hivi. Mashine kupewa miguu ni jambo jema, lakini haiwezi kupanda mtumbwi Nyamisati ikamwamkia bibi na kungoja amalize kusuka mkeka ndipo aanze kusimulia. Kazi hiyo ni yetu sisi vijana tunaojiita waandishi. Tuandike kwa Kiswahili, kwa ridhaa ya msimuliaji, tutaje kijiji na mwaka, kisha tuyaweke mahali yatakapoonekana. Nimenunua daftari la kurasa 200. Kurasa 30 zimejaa, na wazee watatu niliokuwa nimewapanga kwa mwezi huu, mmoja tumeshamzika.