Kufungua tabo bila kushusha injini

Ukifunua boneti ya Nissan 300ZX Twin Turbo, gari la michezo lililoanza kuuzwa mwaka 1989, tabo ni kitu cha mwisho utakachokiona. Zipo mbili, moja kila ubavu wa injini ya V6 ya lita 3, zimezama chini nyuma ya mabomba, hosi na nyaya. Toleo la Marekani lilitoa nguvu za farasi 300. La Japani liliishia 280, kikomo ambacho watengenezaji wa huko walikubaliana kutokivuka. Nguvu zote hizo zimebanwa katika chumba ambamo mkono wa fundi huingia hadi kwenye kiwiko na kukwama.

Ndiyo maana wamiliki wa gari hili wana swali la miaka mingi: tabo zikichoka, ni lazima injini itolewe, au zinaweza kutoka injini ikiwa mahali pake? Kiswahili cha gereji kinaliweka swali hilo kwa maneno matano: kufungua tabo bila kushusha injini. Matatu kati yake yanastahili kukaliwa kitako.

Tabo kwanza. Dereva wa lori anayepandisha mlima wa Kitonga anaijua kwa mluzi wake hata kama hajawahi kuishika mkononi. Ni mapangaboi mawili madogo juu ya shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unalisukuma la kwanza, na kwa kuwa shafti ni moja, la pili nalo linazunguka na kusukuma hewa safi kwenye silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na injini inapata nguvu ambayo ukubwa wake pekee usingeipa. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliliwekea wazo hili hataza mwaka 1905.

Jina limetokana na Kilatini, ambamo turbo ni kitu kizungukacho: kimbunga, au pia ya watoto. Mwaka 1822 Mfaransa Claude Burdin alilichukua neno hilo akaunda jina la turbini, gurudumu linalozungushwa na maji. Tunapoandika kwamba Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, tunazungumzia ndugu wakubwa wa kile kipande kilicho kando ya injini ya Nissan, ila neno mtambo limeuficha undugu huo. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waione tabo akilini hana haja ya kwenda mbali. Mtoto aliyewahi kuzungusha pia mchangani ameshaelewa nusu ya somo.

Nusu nyingine ni ngumu zaidi, kwa sababu Kiingereza kimeongeza neno charger, na tafsiri ya haraka ni chaja. Chaja ya tabo ni tafsiri inayopotosha. Kwa Mswahili wa leo chaja inahusu umeme na simu, ilhali hapa kinachojazwa ni hewa. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa kuliko hicho: kushindilia. Mwindaji mwenye gobore hushindilia baruti ndani ya mtutu ili mlipuko uwe na nguvu, na silinda ya injini ni mtutu wa aina yake. Kishindilia hewa lingekaa vizuri katika kitabu cha shule, mahali ambapo jina linapaswa kueleza kazi. Gereji ibaki na tabo. Ni neno fupi, limeshatulia katika ngeli yake, na hakuna fundi anayehitaji kurekebishwa.

Kushusha injini ndilo linalovutia zaidi. Injini ya gari kama 300ZX kwa kawaida hutolewa kwa winchi: inafungwa mnyororo, inanyanyuliwa, inatoka kwa juu kupitia boneti iliyo wazi. Imepanda, lakini fundi anasema ameishusha. Mgeni wa lugha angedhani ni kosa. Si kosa hata kidogo. Mzigo wa lori hushushwa hata ukibebwa moja kwa moja hadi ghorofa ya pili, na abiria hushushwa hata kituo kikiwa juu ya kilima. Kushusha ni kukitoa kitu kwenye chombo kilichokibeba. Gari limebeba injini, na siku injini inapotoka, imeshushwa. Katika Porsche 911 Turbo, ambayo injini yake iko nyuma na hutolewa kwa chini, maana zote mbili zinakutana.

Asiyetaka kushusha injini ya 300ZX hulipandisha gari juu ya stendi imara, si jeki peke yake, na sehemu kubwa ya kazi huifanyia chini ya uvungu. Hapo ndipo Kiswahili kinapoonyesha utajiri. Kiingereza kitasema remove mwanzo hadi mwisho. Fundi wetu anamwaga maji ya rejeta, anachomoa hosi, anafungua ekzosi, anapachua shafti ya usukani inayopita karibu na tabo ya upande wa dereva, anabandua gasketi. Bolti zinazoshika tabo zimepikwa na moshi wa moto mkali kwa miaka, zimeshika kutu, na ikikatika moja ikabaki ndani ya tundu lake, basi hoja ya kutoshusha injini imekufa palepale. Kwa hiyo hulowekwa mafuta ya kulainisha kutu mapema, kisha hulegezwa kwa subira.

Mwenye Subaru Forester ya zamani yenye tabo, gari linalojulikana sana Nairobi, hana shida hiyo. Tabo yake imekaa juu, nyuma kidogo, na hufikiwa kwa kusimama mbele ya boneti. Kwake hata swali la kushusha injini halizuki.

Kiswahili kina mazoea ya kugeuza tendo kwa kiambishi kifupi: funga, fungua, chomeka, chomoa, bandika, bandua. Mtu anaweza kudhani kwamba kuifunga tabo ni kuirudia njia ileile kinyumenyume, kama vitabu vingi vya ufundi vya Kiingereza vinavyoelekeza. Kwa tabo haitoshi. Shafti yake huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na tabo mpya ni kavu. Fundi makini huimiminia oili kidogo kwenye tundu lake kabla ya kukaza bomba, kisha huizungusha injini kwa stata bila kuiacha iwake, mpaka taa ya oili izimike kwenye dashibodi. Baada ya hapo ndipo huiwasha.