Pua, Feleji na Shaba: Majina ya Madini katika Karakana

Majina ya madini katika Kiswahili yametoka pande mbalimbali. Chuma ni neno la asili ya Kibantu. Risasi, fedha na dhahabu yametoka katika Kiarabu. Ufundi wenyewe ni wa kale. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba biashara yake iliwapatia faida kubwa. Lakini jina halikai na kitu kimoja siku zote; na katika karakana ndogo ya nyumbani, ambamo fundi huyapima madini kwa tupa na sumaku tu, jina lililohama huweza kuharibu kazi.

Kuna kuhama kusiko na madhara. Neno sufuria lina asili ya Kiarabu, nalo lahusiana na jina la shaba. Leo sufuria nyingi ni za alumini, wala hakuna mpishi anayepotezwa na jina hilo.

Shaba yataka uangalifu zaidi, kwa kuwa neno moja hubeba madini mawili. Shaba nyekundu ni laini, nayo hunata katika makali ya chombo. Shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, hukatika kwa vipande vifupi, hasa ikiwa imetiwa risasi kidogo. Hata hivyo ncha kali ya keekee huweza kuzama ndani yake ghafula, na ndiyo sababu mafundi huupunguza ukali mdomo wa ncha hiyo kabla ya kutoboa. Hivyo rangi inayotajwa pamoja na jina humwongoza fundi katika kuchagua chombo.

Shida kubwa iko katika neno pua. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yalitaja neno hili kwa maana ya chuma kigumu, yaani feleji. Chuma hicho, kikiwa na kaboni ya kutosha, hupashwa moto mpaka kiwe chekundu, kisha hutumbukizwa majini, nacho huwa kigumu mno. Baadaye hupashwa tena kidogo, mpaka kigeuke rangi ya nyasi kavu, kisije kikavunjika. Ndivyo tindo inavyopata makali.

Mwaka 1912 kampuni ya Krupp ya Ujerumani iliomba hataza za chuma chenye kromi na nikeli. Chuma cha jamii hiyo, ambacho aina yake ya kawaida ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, hakishiki kutu upesi, nacho madukani huitwa chuma cha pua. Tabia yake ni kinyume cha ile ya zamani. Kukitumbukiza majini hakukifanyi kigumu. Lakini keekee butu ikikisugua bila kukikata, huwa kigumu pale pale, na ncha huharibika. Sumaku nayo hukishika kidogo tu, au haikishiki kabisa.

Basi mwanafunzi anayesoma kwamba chuma cha pua hutiwa ugumu kwa moto na maji, akachukua kipande cha chuma kisichoshika kutu, atapoteza kazi yake bila kosa lake. Yafaa vitabu vya ufundi viliweke neno feleji kwa chuma kinachotiwa ugumu kwa moto, na kila vinapoandika chuma cha pua vieleze ni kipi kinachokusudiwa.