Umeme Ukikatika Usiku: Kuchagua Taa na Redio ya Dharura kwa Nyumba Yenye Mtoto

Umeme unapokatika usiku, mtoto haachi kuhitaji huduma. Bado atanyonya, atabadilishwa nepi, atapewa dawa, na akiumwa utalazimika kumwangalia vizuri. Ndiyo maana taa ya dharura ni sehemu ya matunzo ya mtoto, kama ilivyo neti ya mbu na maji safi.

Madukani na kwa wamachinga utakuta vifaa vingi vyenye taa, redio, sola na sehemu ya kuchajia simu kwa pamoja. Kabla ya kulipa, jiulize: je, kifaa hiki kitanisaidia kumhudumia mtoto gizani mpaka asubuhi bila kuwasha moto?

Kwa nini tuache kibatari na mshumaa?

- Moto. Mshumaa ukianguka karibu na neti, pazia au godoro, moto husambaa haraka sana. Mtoto anayeanza kutambaa au kusimama huvutwa na mwanga na hutaka kuushika.
- Moshi. Kibatari hutoa masizi laini yanayoingia ndani ya mapafu. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima na mara nyingi hulala palepale kibatari kinapowaka.
- Mafuta ya taa. Yakiwekwa kwenye chupa ya soda au ya maji, mtoto huweza kuyanywa akidhani ni kinywaji. Mtoto akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa. Kutapika kunaweza kuyapeleka mafuta kwenye mapafu. Mpeleke hospitali mara moja.

Mtoto akiungua, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta, majivu wala asali.

Taa ifae kwa kazi gani?

*Iache mikono yako yote miwili huru.* Huwezi kushika tochi, chupa ya dawa, kijiko na mtoto kwa wakati mmoja. Chagua taa yenye ndoano ya kuning'iniza au kitako kinachosimama imara. Tochi ya kuvaa kichwani pia ni nzuri, hasa ukitoka kwenda chooni usiku ukiwa umembeba mtoto. Epuka tu kummulika machoni.

*Iwe na mwanga wa viwango viwili au zaidi.* Mwanga mkali ni wa kusoma kipimo cha dawa na kumkagua mtoto. Mwanga hafifu unatosha kunyonyesha, na unaokoa chaji.

*Ikuwezeshe kuona kifua chake.* Mtoto mwenye kikohozi au homa mfunue nguo kifuani, na akiwa ametulia hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Pumzi ni za haraka zikifika:

- 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2 (hesabu mara ya pili kuhakikisha);
- 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5.

Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au anapata degedege, usisubiri umeme urudi wala kupambazuke. Nenda kituo cha afya.

Lakini usitegemee taa hizi kuangalia umanjano wa mtoto mchanga. Nyingi zina mwanga wa kibuluu unaobadilisha rangi ya ngozi. Umanjano uangaliwe mchana, kwenye mwanga wa asili.

Betri itafika asubuhi?

Kwenye boksi utaona "saa 20" au "saa 50". Mara nyingi hizo ni saa za mwanga hafifu kabisa, si za mwanga mkali. Njia ya uhakika ni kuijaribu nyumbani: ichaji mpaka ijae, iwashe jioni kwa mwanga unaoutumia kila siku, uone itazimika saa ngapi. Muulize muuzaji mapema kama anakubali kurudishiwa ikishindwa, na omba risiti.

Angalia pia namba yenye alama ya mAh, ambayo ni kiasi cha umeme ambao betri inaweza kubeba. Simu janja nyingi zina betri ya 4,000 hadi 5,000 mAh. Taa yenye betri ya 2,000 mAh haiwezi kuijaza simu ya namna hiyo hata nusu, na ikijaribu itaishiwa chaji yake yenyewe. Kama unataka kifaa cha kuchaji simu na kuwasha taa usiku kucha, nunua chenye betri kubwa. La sivyo, chaji ya taa iachie taa.

Paneli ndogo iliyobandikwa juu ya taa huchaji polepole. Paneli inayojitegemea yenye waya ni bora zaidi. Iweke nje juani kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, si nyuma ya kioo cha dirisha. Mpini wa kuzungusha kwa mkono ni wa akiba tu. Ukizungusha dakika moja, kwa kawaida hupata dakika chache za redio.

Ikiwa mtoto wako anatumia mashine ya umeme, kama ya oksijeni au ya kuvuta dawa ya pumu, taa hizi haziwezi kuiendesha. Panga na daktari wake mapema mtafanya nini umeme ukikatika.

Redio ni ya nini wakati simu ipo?

Simu huishiwa chaji, na minara ya simu nayo huweza kuzimika umeme ukikatika kwa muda mrefu. Redio ya FM haihitaji bando. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) zilikuwa zikibadilika kadiri kilivyosogea. Katika hali kama hiyo, taarifa ya asubuhi haitoshi kuamulia usiku.

Kabla ya kununua, washa redio dukani na utafute kituo kinachosikika vizuri mtaani kwenu. Elewa pia lugha ya TMA: *angalizo* ni rangi ya njano, *tahadhari* ni ya chungwa, na *tahadhari kubwa* ni nyekundu.

Usalama wa kifaa chenyewe

- Epuka taa au rimoti yenye betri ndogo bapa kama kifungo cha shati, isipokuwa kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Mpeleke hospitali papo hapo hata kama haonyeshi dalili.
- Usichaji taa kitandani wala chini ya mto. Betri iliyovimba au inayopata joto kali isitumike tena.
- Taa nzito za kuchaji mara nyingi zina betri ya risasi. Usiipasue wala kuichoma, kwani risasi huathiri ubongo wa mtoto.
- Kama mna jenereta, ikae nje, mbali na milango na madirisha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa nalo lisiwekwe chumba cha kulala.

Ukiwa nayo nyumbani

Itundike sehemu moja ambayo kila mlezi, hata bibi na dada wa kazi, anaweza kuifikia gizani. Ichaji angalau mara moja kwa mwezi hata kama hujaitumia. Karibu yake weka kadi ya kliniki ya mtoto na karatasi yenye namba za dharura: 114 ni Zimamoto, na 115 ni usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ziandike kwa herufi kubwa, zisomeke hata kwa mwanga hafifu.